Msiseme amefeli: maisha ya Akinfenwa kwenye madaraja ya chini Uingereza

Habari zenu ndugu zangu, mlioko nyumbani na popote mnaponitazama. Leo nipo High Wycombe, mji ulio magharibi mwa London, na hapa nyuma yangu ni Adams Park, uwanja wa Wycombe Wanderers. Hebu niwageuzie kamera muone barabara ya kuja hapa. Ni moja tu, inapita katikati ya magodauni na karakana mpaka inaishia getini, na kule juu ni kilima chenye miti. Uwanja unaingiza watu kama 10,000. Timu inaitwa Chairboys kwa sababu mji huu zamani ulisifika kwa mafundi wa kutengeneza viti.

Nimekuja hapa kwa sababu ya jambo mnaloandika sana kwenye maoni. Nikitaja tu mchezaji mwenye asili ya kwetu Tanzania anayekipiga madaraja ya chini huku, mtu anaandika, "Huyo amefeli, daraja la nne hilo." Linaniuma kila nikilisoma, kwa hiyo leo naomba mnisikilize hadi mwisho.

Kwanza tuelewane kuhusu ngazi zenyewe. Ligi Kuu ina timu 20. Chini yake kuna Championship, League One na League Two, kila moja ina timu 24. Jumla ni 92. Baada ya hapo inakuja National League, daraja la tano, ambako bado kuna klabu nyingi zinazolipa wachezaji mshahara wa kuwatosha kuishi kwa mpira peke yake. Mnayoitazama nyinyi kila wikiendi ni ile ya juu tu. Walio wengi wanaoishi kwa mpira nchi hii wako huku chini.

Sasa niwape mtu mmoja, Adebayo Akinfenwa. Waliocheza FIFA kwenye PlayStation wanamjua, ndiye yule jitu la miraba minne, kilo 100 na ushee, aliyekuwa anaongoza kwa nguvu kwenye mchezo ule. Lakini kazi yake halisi wengi hamuijui.

Alizaliwa Islington, London, mwaka 1982, wazazi wake Wanigeria. Hakupata njia hapa nyumbani kwao, akaenda kuanza soka Lithuania, klabu ya Atlantas, akiwa kijana wa miaka 18. Fikirieni kijana mweusi peke yake katika mji wa bandari wa Klaipėda, anatukanwa viwanjani kwa rangi yake. Amewahi kusimulia kwamba alimpigia simu kaka yake kumwambia anataka kurudi, na kaka akamjibu kwamba akirudi, wale waliomtukana watakuwa wameshinda. Akabaki, na mwaka 2001 akabeba Kombe la Lithuania.

Aliporudi, akaenda Barry Town ya Wales, akachukua ubingwa. Klabu ikaishiwa pesa, wachezaji wakaachwa. Msimu uliofuata, 2003/04, alipita Boston United, Leyton Orient, Rushden & Diamonds na Doncaster Rovers. Timu nne ndani ya msimu mmoja! Hebu piga picha maana yake: unahama chumba, unajifunza majina ya wenzako, unamshawishi kocha mpya, na kabla hujazoea njia ya kwenda mazoezini umeshapewa mkono wa kwaheri.

Hapo ndipo penye kiini cha maisha ya madaraja haya. Mikataba ni mifupi, mara nyingi mwaka mmoja au miwili. Kila msimu ukiisha, klabu inatangaza orodha ya wanaobaki na wanaotemwa. Mikataba mingi inakufa tarehe 30 Juni. Mchezaji ana mke, ana watoto shuleni, ana kodi ya nyumba, na mwezi wa tano unapoingia hajui Agosti atakuwa mji gani. Akiumia goti mwezi wa tatu, ndiyo basi tena, anaomba Mungu apate wa kumfanyia majaribio. Mishahara ya mamilioni mnayoisikia kule juu haifiki huku. Kuna mtu amecheza miaka kumi na akitundika daluga lazima atafute kazi nyingine mara moja.

Akinfenwa aliishi hivyo na bado akafunga. Akiwa Swansea alifunga bao la ushindi fainali ya Football League Trophy, kombe la timu za madaraja ya chini, mwaka 2006 dhidi ya Carlisle, na msimu huohuo akakosa penalti kwenye fainali ya mchujo wa kupanda daraja dhidi ya Barnsley. Akaendelea: Millwall, Northampton, Gillingham, akarudi Northampton, akarudi Gillingham, kisha AFC Wimbledon. Januari 2015 Wimbledon walicheza na Liverpool Kombe la FA, na Liverpool ndiyo timu anayoipenda tangu utotoni. Akawafunga! Steven Gerrard akafunga mawili, Liverpool wakashinda 2-1, lakini lile bao hakuna wa kumnyang'anya.

Halafu Mei 2016, Wembley, fainali ya mchujo ya League Two dhidi ya Plymouth. Wimbledon wanaongoza 1-0, dakika za nyongeza, wanapata penalti. Mpigaji aliyepangwa si yeye. Akinfenwa anajua mkataba wake unaisha na hatapewa mwingine, anautaka mpira. Wanavutana pale mbele ya umati, yeye kaukumbatia mpira, hauachii. Akapiga, akafunga, timu ikapanda daraja. Dakika chache baadaye, kwenye mahojiano ya televisheni, akasema yeye sasa hana kazi, na kocha yeyote anayemhitaji amtafute WhatsApp. Watu walicheka sana, lakini lilikuwa jambo la kweli. Alikuwa na miaka 34 na ametoka kufunga Wembley bila kibarua.

Aliyempa kazi ni Gareth Ainsworth, kocha wa klabu hii iliyo nyuma yangu. Mwaka 2018 wakapanda kwenda League One. Mwaka 2020, uwanja mtupu kwa sababu ya korona, wakaifunga Oxford 2-1 Wembley, Wycombe wakaingia Championship kwa mara ya kwanza katika historia yao. Jürgen Klopp, wakati huo kocha wa Liverpool, akamtumia video ya pongezi. Alistaafu 2022, miaka 40, akiwa na mabao zaidi ya 200, bila kugusa Ligi Kuu hata dakika moja.

Sasa turudi kwa watu wetu. Adi Yussuf alizaliwa Zanzibar, akakulia kwenye akademi ya Leicester City, na akajumuishwa kikosi cha Taifa Stars kilichokwenda AFCON ya 2019 Misri baada ya kuichezea Solihull Moors, daraja la tano. Msimu ule Solihull walimaliza nafasi ya pili, nyuma ya Leyton Orient. Haji Mnoga alizaliwa Portsmouth, akatoka kwenye vijana wa klabu hiyo, akatolewa kwa mkopo huku na kule, ikiwemo Aldershot Town, ndipo mwaka 2024 akasaini Salford City ya League Two. Na jezi ya Stars anaivaa.

Wachezaji kama hao nao kila Mei wanaisubiri orodha ileile ya wanaobaki na wanaotemwa. Mtu anayeshindania namba na vijana waliotemwa na akademi za Arsenal na Chelsea, na bado anapangwa Jumamosi na Jumanne kwenye mvua na baridi, huyo ni mchezaji wa kulipwa kamili. Mkosoeni akicheza vibaya, hiyo haki yenu. Lakini daraja lake lisiwe tusi.

Wengi mmeuliza namna majaribio kwenye klabu hizi yanavyofanyika na jinsi ya kuwatambua mawakala matapeli. Video ijayo ni hiyo, kwa hiyo andikeni maswali yenu hapa chini tangu leo, hasa wazazi.