Mnaniuliza Kwa Nini Ninapika Chakula cha Vita

Wapendwa wangu, tangu nilipowaonyesha ile pai ya viazi na karoti, swali mnaloniletea ni lile lile: kwa nini mtu aliyeko Uingereza aipikie familia yake chakula cha wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia? Sijafilisika, wala sijifanyi hodari wa kubana matumizi kuliko mama anayeilisha nyumba nzima kwa fedha za genge. Ninaomba mnisikilize kabla ya kunihukumu.

Mgao wa chakula, yaani serikali kumpimia kila mtu kiasi cha kununua, ulianza hapa Januari 1940, ukamalizika Julai 1954, miaka tisa baada ya vita kwisha. Kwa kawaida mtu mzima alipata kwa wiki gramu 57 za siagi, gramu 227 za sukari na yai moja. Kwetu sisi wa Kongwa, Dodoma, habari hii si ya kigeni. Mwaka 1947 Waingereza walikuja kufyeka pori letu ili walime karanga, kwa sababu nchi yao ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na babu yangu alikuwa miongoni mwa waliong'oa visiki. Mpango ule ulishindwa, ukafungwa mwaka 1951. Kila ninapopima kijiko cha mafuta katika jiko hili, ninamkumbuka yeye.

Kilichonisukuma mimi ni viza. Ada ya huduma za afya, ambayo mwombaji wa viza hulipa, peke yake ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na pauni 776 kwa mtoto kwa kila mwaka, nayo hulipwa yote kabla hujapewa kibali. Sisi ni wanne, wakubwa wawili na watoto wawili, kwa hiyo kwa miaka mitatu ilitubidi tulipe pauni 10,866, mbali na ada ya maombi yenyewe. Kisha ofisi moja ikakosea tarehe ya kuzaliwa ya binti yangu, nasi tukahangaika miezi mitano kuisahihisha. Katika miezi hiyo hiyo binamu yangu aliandika mbele ya ukoo mzima kwamba ninasingizia karoti ili nikwepe mchango wa harusi. Jambo hilo liliniuma sana, na bado linaniuma.

Pai yenyewe inaitwa Woolton, kwa jina la Lord Woolton aliyekuwa Waziri wa Chakula, ingawa aliyeibuni ni François Latry, mpishi mkuu wa hoteli ya Savoy mjini London. Mimi huchukua viazi, karoti na koliflawa, karibu nusu kilo ya kila kimoja, pamoja na vitunguu majani na kijiko kikubwa cha oti, nikavichemsha dakika kumi kwa maji ya kufunika tu, huku nikikoroga ili oti ziufanye mchuzi uwe mzito. Baada ya hapo hufunika kwa viazi vilivyopondwa na kuoka hadi juu pawe pa kahawia. Wapishi wa wakati wa vita walikuwa na chumvi na kiungo cha mboga. Mimi huongeza tangawizi na pilipili manga, maana bila hivyo mume wangu hali.

Umeme nao ni ghali, kwa hiyo maharage huyapika kwa njia yao ya sanduku la nyasi kavu, ambamo sufuria iliyochemka hufunikwa ili chakula kiendelee kuiva kwa joto lake, ile ile ya kikapu cha kutunzia joto kinachotumiwa na baadhi ya akina mama huko nyumbani. Ila nawasihi: maharage yaliyolowekwa usiku kucha yatokote kwa nguvu dakika kumi kamili kabla ya kufunikwa, kwa sababu maharage mekundu yasiyoiva vizuri hudhuru tumbo.

Haya ni ya nyumba yangu. Mwenye mgonjwa wa kisukari au mama anayenyonyesha apange kwa hali yake na kwa ushauri wa daktari wake. Hata mimi sikuufuata mgao wote. Siagi ninaipima kwa mizani, lakini yai moja kwa wiki nimelikataa, na wanangu wanakula mayai kila asubuhi kabla ya kwenda shule.