Nyumba Yako ya Kisumu Ikishika Moto Leo, Nani Atalipa?

Hamjambo nyote mnaonitazama kutoka Kisumu, Kakamega, Nakuru, na nyinyi wenzangu wa huku Dallas mnaojenga nyumbani. Leo ni bima ya nyumba, kwa sababu tunamwaga pesa za miaka kwenye mawe na mabati, halafu tunamwachia shemeji funguo na mengine tunamwachia Mungu.

Huku Marekani ukinunua nyumba kwa mkopo, benki haitoi pesa kabla hujaonyesha bima. Kwetu unajenga pole pole kwa pesa yako, hakuna anayekuuliza.

Bima ya nyumba Kenya ina vipengele: jengo, vitu vya ndani, na vile unavyotembea navyo kama laptopu. Mpangaji, wewe chukua ya vitu vyako tu. Jengo ni la landilodi. Moto, radi (watu wa Kakamega na Kisii, mnaijua), wizi wa kuvunja mlango, bomba kupasuka: kwa kawaida hayo yamo. Mafuriko mara nyingi yamo pia, lakini kama boma lako liko Nyando au Budalangi, usikubali maneno matupu ya wakala. Akuonyeshe yalipoandikwa kwenye mkataba. Huku Marekani bima ya kawaida haigusi mafuriko kabisa, unanunua nyingine kando.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo watu huumia. Tuseme kuijenga upya nyumba yako ni milioni 8. Wewe, ili ulipe kidogo, ukaandikisha milioni 4. Jikoni kukashika moto, hasara milioni 2. Utapewa milioni 1, kwa sababu bima uliyoweka ni ya nusu nyumba, na hapo bado hawajakata ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Bei ya ploti usiihesabu, ardhi haiungui. Tafuta mthamini akupigie hesabu kwa bei ya simiti ya leo, si ya mwaka uliochimba msingi.

Halafu sisi wa ughaibuni, nyumba zetu hukaa tupu. Mikataba mingi hukataa kulipa wizi kama hakuna aliyeishi humo kwa muda fulani, mara nyingi siku 30. Mwandikie wakala ukweli: unakuja Desemba tu, na kuna kijana analala hapo. Na huyo kijana umkatie bima ya mfanyakazi, maana akianguka akiosha tangi la maji, sheria ya 2007 ya fidia ya majeraha kazini inakudai wewe uliyemwajiri.