Uvimbe Bado Unakunywa Damu? Picha za Ini Kabla na Baada ya Kuziba Ateri

NEEMA: Karibuni tena. Leo hatuzungumzii ini lote. Tunaye mgonjwa ambaye tayari amegundulika na saratani ya seli za ini, upasuaji haumfai, na timu imeamua kupitisha dawa kwenye ateri inayolisha uvimbe kisha kuiziba. Wenyewe wanaita TACE. Dk. Hamisi, shikamoo.

HAMISI: Marahaba, dada Neema. Nianzie na swali ambalo ndugu wa mgonjwa huuliza pale mlangoni: "Daktari, uvimbe umepungua?" Swali la haki kabisa, lakini kwa tiba hii linakuja la pili. La kwanza ni kama uvimbe bado unakunywa damu ya ateri.

NEEMA: Basi tueleze kwanza ini linavyolishwa, maana bila hilo mengine yote ni kiinimacho.

HAMISI: Ini lina njia mbili za kupokea damu. Kama robo tatu inaletwa na vena ya lango, ile inayotoka matumboni. Inayobaki inaletwa na ateri ya ini. Saratani hii kadiri inavyokua inaiacha vena ya lango na kujitengenezea mishipa yake kutoka kwenye ateri. Ndiyo maana ukipiga picha dawa ya kontrasti, ile inayochomwa mshipani ili damu ionekane, ikiwa kwenye ateri, uvimbe unang'aa huku ini linalouzunguka bado limefifia. Subiri kidogo, ini nalo linajaa kupitia vena ya lango, na uvimbe unageuka kuwa mweusi kuliko jirani zake. Unang'aa, kisha unafifia. Mtu mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, au homa ya ini B ya muda mrefu, akiwa na uvimbe wa sentimita 2 au zaidi unaofanya hivyo, kwa kawaida hahitaji kuchomwa sindano ya kutoa kinyama.

NEEMA: Na kwetu homa ya ini B ndiyo inayoleta wengi, pamoja na sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga.

HAMISI: Naam. Sasa njia ile ile inayong'arisha uvimbe ndiyo tunayopita kuutibu. Ukiziba ateri, uvimbe unakufa njaa, ini linaendelea kula kwa vena ya lango. Ila kama shina la vena ya lango limeshazibwa na donge la damu au na saratani yenyewe, ini zima linaishi kwa ateri. Ukiiziba nayo, umelinyima riziki zote mbili. Kwa hiyo kabla hujatazama uvimbe, tazama vena ya lango. Macho ya wengi yanakimbilia uvimbe.

NEEMA: Na mimi niseme la chumba changu cha CT, mashine ya eksirei inayopiga picha za vipande. Picha nyingi za ini zinaharibikia mkononi mwa mgonjwa hata mashine haijawaka. Kanula, kile kijimrija cha mshipani. Nataka geji 20, ikiwezekana 18 ambayo ni nene zaidi, kwenye mshipa wa kiwiko, ili nisukume mililita 4 hadi 5 kwa sekunde. Mgonjwa analetwa kutoka wodini na geji 24, nyembamba, nyuma ya kiganja. Ukilazimisha, dawa inavuja chini ya ngozi. Ukipunguza kasi, inafika kwenye ini kama mvua ya manyunyu, na uvimbe haung'ai.

HAMISI: Halafu ripoti inaandikwa kwamba uvimbe hauna damu nyingi.

NEEMA: Wakati tatizo ni kanula! Kiasi nacho: kwa dawa yenye nguvu ya miligramu 350 za ayodini kwa mililita, napiga hesabu ya mililita 1.5 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 ni mililita 90, ikifuatiwa na maji ya chumvi mililita 30 hadi 40 ya kuisukuma. Kreatinini, kipimo cha figo, niwe nimeiona kabla.

HAMISI: Muda unaukamataje? Wapo wanaohesabu sekunde 35 kwa kila mtu.

NEEMA: Moyo ukiwa dhaifu, sekunde 35 dawa bado iko njiani. Mimi naweka alama kwenye aota, ateri kuu itokayo moyoni, usawa wa kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na kuiacha mashine iiangalie. Ikipanda yuniti 100 hadi 150 za Hounsfield, kipimo cha weupe kwenye CT, nangoja sekunde 15 hadi 20, ndipo napiga awamu ya ateri, yaani picha ya dawa ikiwa kwenye ateri. Ya vena ya lango karibu sekunde 70 tangu kuanza kuchoma, ya mwisho dakika 3 hadi 5. Na mgonjwa afundishwe kushika pumzi kabla hajalala mezani. Akivuta kubwa awamu moja na ndogo nyingine, ini linapanda na kushuka, na kauvimbe ka sentimita moja kanajificha.

HAMISI: Mimi nikipokea picha nakagua mishipa mitatu. Ateri ya ini imejaa. Vena ya lango imeanza kupata rangi. Vena za ini, zile zinazorudisha damu kuelekea moyoni, bado hazina kitu. Vena ya lango ikiwa tupu kabisa, umepiga mapema mno. Vena za ini zikiwa zimejaa, umechelewa.

NEEMA: Twende chumba cha angio, kule ateri inakozibwa.

HAMISI: Hapo CT ya kabla ndiyo ramani. Si wachache ambao ateri ya ini ya kulia inatoka kwenye ateri ya juu ya utumbo badala ya mahali pake pa kawaida. Usipoliona hilo mapema, utazunguka na katheta, ule mrija unaopita ndani ya mishipa, nusu saa ukitafuta tawi ambalo halipo. Uvimbe ulio juu, umegusa kiwambo, unaweza pia kuwa unaiba damu kwenye ateri ya kiwambo. Unaziba ateri ya ini vizuri, nusu ya uvimbe inaendelea kustarehe.

NEEMA: Na ile CT ya mlemle chumbani?

HAMISI: Mkono wa mashine ya angio unamzunguka mgonjwa kwa sekunde chache huku dawa ikipita kwenye katheta, unapata picha za vipande. Picha bapa inaonyesha matawi yakipishana, hujui lipi liko mbele. Hii inakuambia tawi lipi linaingia kwenye uvimbe na lipi linakwenda kwenye kibofu cha nyongo au tumboni, ambako dawa ikifika ni kidonda. Ndipo unaingiza katheta nyembamba hadi kwenye tawi lenyewe.

NEEMA: Mchanganyiko wenyewe?

HAMISI: Mfano wa kawaida: doksorubisini, dawa ya saratani, miligramu 50, inayeyushwa kwenye dawa ya kontrasti, inachanganywa na mililita 10 za Lipiodol, mafuta yenye ayodini. Sindano mbili na koki ya njia tatu, unasukuma huku na huku. Mafuta yawe mengi kuliko maji yenye dawa, na msukumo wa kwanza uelekee kwenye sindano ya mafuta, ili matone ya dawa yakae ndani ya mafuta. Ukigeuza, dawa inakimbia na damu. Angalia na koki: Lipiodol inalainisha baadhi ya plastiki, polikaboneti hasa, koki inapasuka mkononi na doksorubisini inamwagika.

NEEMA: Unaacha lini?

HAMISI: Ninapoona mafuta yameanza kuingia kwenye vijitawi vya vena ya lango vinavyouzunguka uvimbe. Kisha vipande vya sponji ya jelatini kuziba ateri. Siku chache za homa, maumivu na kichefuchefu hutarajiwa. Hata viputo vya hewa ndani ya uvimbe kwenye CT ya siku hizo vinaweza kuwa nyama iliyokufa tu, siyo jipu. Ila mtu ambaye mirija yake ya nyongo imewahi kuunganishwa na utumbo, homa yake usiipuuze.

NEEMA: Wiki 4 hadi 6 anarudi kwangu. Na hapa nina ugomvi na wenzangu. Wanaruka awamu isiyo na dawa ya kontrasti ili kupunguza mionzi. Kwa mgonjwa mwenye Lipiodol, usiiruke! Mafuta yale ni meupe kama mfupa. Bila picha ya kabla ya dawa, utajuaje weupe ni wa mafuta au wa damu?

HAMISI: Na hata ukiwa nayo, weupe ule unaweza kufunika kipande kilicho hai. MRI, inayopiga picha kwa sumaku, haisumbuliwi sana na Lipiodol. Unatoa picha ya kabla ya dawa kutoka kwenye ya ateri, kinachobaki kuwaka ndicho kilicho hai. Lakini zote mbili zipigwe kwa pumzi sawa, la sivyo ukingo wa ini unazua mwanga wa uongo.

NEEMA: Tupe mfano wa kupima.

HAMISI: Uvimbe wa sentimita 6, wote ulikuwa unang'aa. Baada ya wiki 5 una sentimita 6.2, umevimba kwa nyama iliyokufa. Ukipima ukubwa, utasema tiba haikufanya kitu. Kwenye awamu ya ateri kimebaki kipande cha sentimita 2 kinachong'aa pembeni. Vipimo vya mRECIST, vigezo vya kupima uvimbe ulivyoitikia tiba, vya mwaka 2010, vinataka upime hicho: kutoka 6 hadi 2, imepungua asilimia 67. Kupungua asilimia 30 au zaidi ni kuitikia kwa sehemu, kuongezeka 20 ni kusonga mbele. Kisiwepo chochote kinachong'aa, ameitikia kikamilifu. Na unapopima usikatishe rula kupita kwenye nyama iliyokufa.

NEEMA: Kuna mng'ao wa kudanganya?

HAMISI: Upo. Eneo lenye umbo la kabari linalong'aa awamu ya ateri na kupotea awamu nyingine, mara nyingi ni ateri na vena ya lango zimepeana njia. Pete nyembamba, laini, kuzunguka mahali ambapo uvimbe ulitibiwa kwa kuchomwa kwa joto, huwa ni uponaji. Donge nene la upande mmoja ndilo la kushuku. Na aliyetibiwa kwa chembe za itriamu-90, zenye mionzi, usimhukumu kwa wiki 6, uvimbe wake unaweza kuendelea kung'aa kwa miezi kadhaa huku unakufa.

NEEMA: Ombi langu kwa wanaojaza fomu: andika tarehe ya kuzibwa, andika kama Lipiodol ilitumika, na mgonjwa aje na picha za zamani.

HAMISI: Ambazo ziko chini ya godoro.

NEEMA: Zimekunjika! Na filamu inabeba vipande vichache alivyochagua mtu mwingine, awamu ya ateri mara nyingi haimo. Ombeni CD yenye awamu zote, siku ileile ya kipimo.