Mafuta ya Kupima, Kitambi na Insulini

DAUDI: Dada Zuhura, wasikilizaji wanauliza: kisukari ni habari ya sukari, mafuta yanaingiaje?

ZUHURA: Yanaingia sana, kaka. Insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho, inabisha hodi kwenye seli za misuli na ini ili sukari ya kwenye damu ipokelewe. Usugu wa insulini ni pale inapobisha, seli zisiitike. Kongosho linaongeza insulini, linaongeza tena, mpaka linazidiwa. Hapo ndipo sukari inapopanda.

DAUDI: Kwa nini zisiitike?

ZUHURA: Sababu kubwa ni mafuta kukaa pasipo pake. Seli za mafuta za tumboni zikijaa kupita kiasi, nyingine zinakufa. Seli za kinga, makrofaji, zinakuja kuzizunguka na kumwaga kemikali kama TNF. Hiyo ndiyo inflamesheni, yaani mwako wa kinga ndani ya mwili, na ndiyo inayozifanya seli zisiitike. Mwaka 1993 huko Marekani, mtafiti Gökhan Hotamisligil na wenzake waliizuia TNF kwa panya wanene, na insulini ikafanya kazi vizuri zaidi.

DAUDI: Na mtu hahisi chochote?

ZUHURA: Hana homa, hana kidonda. Miaka inapita.

DAUDI: Twende jikoni. Mafuta yote ni sawa?

ZUHURA: Hapana, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Mwaka 2014 watafiti wa Uppsala, Sweden, walitoa matokeo ya vijana 39 wenye uzito wa kawaida, waliokula keki ndogo za ziada kwa wiki 7. Kundi moja keki zao zilikuwa na mafuta ya mawese, jingine alizeti. Wote waliongezeka kama kilo 1.6. Ila wa mawese ndio waliojaza mafuta zaidi kwenye ini na ndani ya tumbo. Uzito ni ule ule, Daudi!

DAUDI: Na haya mafuta ya kupima ya dukani, mengi ni mawese.

ZUHURA: Ndiyo maana yanaganda kukiwa na baridi. Karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba, yale yanayoganda upesi; kwenye alizeti ni kama asilimia 11. Mwenye uwezo wa kupata alizeti, achukue alizeti, kwa kijiko, asimimine.

DAUDI: Na asiyekula vya kukaanga kabisa?

ZUHURA: Soda je? Sukari ikizidi, ini linaigeuza mafuta, na mengi ni asidi ya palmitiki, ile ile ya kwenye mawese.

DAUDI: Aliyekwisha pata kisukari, kuna nafuu?

ZUHURA: Ipo. Mwaka 2011, Newcastle, Uingereza, watu 11 wenye kisukari aina ya pili walikula takriban kalori 600 tu kwa siku. Ndani ya wiki moja mafuta ya ini yalishuka kwa asilimia 30, na sukari ya asubuhi ikarudi kawaida. Lakini walikuwa chini ya uangalizi. Anayetumia dawa za kisukari asijaribu bila daktari wake. Sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka.