Jinsi ya Kuiona Alama ya Kwantumu Ndani ya Tone la Maji

Karibuni, watazamaji. Leo tunatafuta alama ya kwantumu, yaani ya fizikia ya vitu vidogo mno kama viini vya atomu. Mezani tuna spektrometa ya infraredi, mashine ya kupima jinsi kitu kinavyofyonza mwanga usioonekana, yenye kipande cha almasi cha kuwekea tone, chupa ya maji yaliyokenekwa, na kichupa cha maji mazito, yaani maji ambayo haidrojeni yake ni deuteri, yenye kiini kizito takriban mara mbili.

Kwanza, washeni mashine, iacheni itulie, kisha futeni almasi na mrekodi spektra tupu, yaani mchoro wa mwanga huo, bila tone lolote. Msiipumulie, kwa sababu kabonidioksaidi ya pumzi huacha alama karibu na mawimbi 2350 kwa sentimita, jirani kabisa na eneo tunalolitafuta.

Pili, pimeni maji ya kawaida peke yake, kisha maji mazito peke yake, na hapa msiwe na haraka. Maji mazito hubadilishana haidrojeni na unyevu wa hewa, kwa hiyo kichupa kikikaa wazi huharibika kimyakimya, huku kwa macho yakionekana yaleyale. Kinundu kikijitokeza karibu na 1450, tayari yamechanganyika. Fungueni kichupa kingine.

Tatu, tieni mikrolita 50 za maji mazito katika mikrolita 950 za maji ya kawaida, na kwenye kichupa cha pili fanyeni kinyume chake. Pimeni kila mchanganyiko, kisha kutoka kwenye spektra yake toeni spektra ya maji yaliyo mengi zaidi ndani yake. Kinachobaki ni mtikisiko wa deuteri moja iliyozungukwa na haidrojeni, karibu na 2500, na wa haidrojeni moja iliyozungukwa na deuteri, karibu na 3400.

Wengi huishia hapo wakidhani wameiona kwantumu, kumbe bado. Hata springi ya kawaida ikifungwa mzigo mzito zaidi hutikisika polepole. Tukitumia fizikia ya Newton, na kuihesabu oksijeni iliyo upande wa pili, 3400 inapaswa kugawanywa kwa 1.374, nasi tupate 2475 hivi. Kipimo kinatupa 2500. Hayo mawimbi 25 yaliyozidi ndiyo tuliyoyafuata.

Chanzo chake ni kwamba kiini chepesi hakitulii kamwe. Nishati ya chini kabisa ya mtikisiko wa haidrojeni hukaribia 1700 kwa kipimo hichohicho, ilhali nishati ya joto la chumbani ni kama 207 tu. Kwa nishati hiyo haidrojeni huuvuta muungano wake na oksijeni hadi pale unapolegea, na masafa yake hushuka. Deuteri, yenye nishati ndogo zaidi, hubaki chini ambako muungano bado umekaza.

Tofauti hii ni ndogo na vilele vya maji ni vipana, kwa hiyo someni katikati ya kilele baada ya kutoa spektra, kamwe si kabla. Mkigawanya kilele cha haidrojeni kwa cha deuteri, uwiano ukiwapa 1.38 au zaidi, rudieni hatua ya tatu.