Kazi Zilizolala Kikapuni: Mazungumzo Kuhusu Ufumaji Usiokamilika

NEEMA: Karibuni, wasikilizaji wapendwa, katika kipindi chetu cha ufumaji. Mimi ni Neema, na niko pamoja na dada yangu Rukia, aliyeanza kushika sindano kabla mimi sijajua kuhesabu. Leo nimekuja na kikapu changu kizima na nimekimwaga mezani mbele yake. Kuna sweta la mwanangu lenye mkono mmoja, soksi isiyo na mwenzake, shali ya nakshi za matundu iliyofika nusu, blanketi la vipande ambalo vipande vyake havijaunganishwa, na kofia ambayo kwa kweli sikumbuki nilikuwa nikimfumia nani.

RUKIA: Asante, mdogo wangu. Nimeviona vyote, na kabla hujaniuliza lolote naomba niseme kwamba sioni uvivu katika kikapu hiki, kwa kuwa mtu mvivu haanzi kazi tano. Ninachokiona ni mama mwenye saa zilizokatwakatwa, ambaye kila alipopata dakika kumi alishika kazi iliyokuwa karibu, na mara nyingine akaanzisha mpya kwa sababu ile ya zamani ilidai utulivu ambao siku hiyo hakuwa nao.

NEEMA: Hapo kwenye utulivu umegusa penyewe. Shali hii imelala tangu mtoto wangu wa pili alipoanza kutambaa.

RUKIA: Na ni haki yake kulala. Nakshi ya matundu ina hesabu yake katika kila mstari, na ukiruka kitanzi kimoja, nakshi yote inayofuata inahama upande. Kazi ya namna hiyo haiwezi kuwekwa sebuleni saa kumi na moja jioni, wakati mtoto mmoja anauliza maswali ya kazi za shule na mwingine anatafuta kiatu. Jioni inahitaji kazi ambayo vidole vinaijua bila msaada wa macho, yaani mistari ya wazi ya kwenda na kurudi, kama hivi vipande vya blanketi lako. Kwa hiyo mimi huzipanga kazi zangu kwa kufuata aina ya wakati nilio nao, wala siangalii ni ipi iliyoanza kwanza. Nina moja ya akili iliyogawanyika, nina moja ya akili nzima, na nina moja ndogo ya kuingia katika mkoba kwa ajili ya foleni na vyumba vya kusubiria. Zikizidi hapo, huanza kuona kwamba ninazihudumia kazi badala ya zenyewe kunihudumia.

NEEMA: Dada, kuna jambo linalonisumbua ambalo sijawahi kulisema hewani. Mtoto akiniita, jibu langu la kwanza ni "subiri nimalize mstari". Ninalisema mara nyingi kiasi kwamba sasa mwanangu mkubwa naye humjibu mdogo wake hivyo hivyo.

RUKIA: Sidhani kwamba unafanya kosa, lakini nafikiri inafaa tulitazame jibu hilo kwa makini. Unaomba kumaliza mstari kwa sababu ya msingi: kazi ikiachwa katikati ya mstari, vitanzi hugawanyika katika sindano mbili, ni rahisi vingine kuchomoka, na ukirudi baada ya siku tatu unaweza kugeuza upande na kurudi ulikotoka bila kujua. Lakini mtoto hajui mstari una urefu gani. Mstari wa soksi una vitanzi 60 hivi, ilhali mstari wa shali kubwa unaweza kuzidi 300. Unapomwambia asubiri, mara ya kwanza anasubiri kidogo na mara ya pili anasubiri sana, naye haoni tofauti iliyopo. Mimi nilianza kumwambia mwanangu idadi ya vitanzi vilivyobaki. Nilimwambia, "Vimebaki ishirini, tuvihesabu pamoja," naye akasimama pembeni yangu akihesabu, na tulipofika mwisho niliweka sindano chini kweli. Sharti ni hilo: ukishaahidi, uweke chini kweli.

NEEMA: Na kama mtoto ameanguka na kuumia?

RUKIA: Hapo hakuna mstari. Unaacha kila kitu, na kitanzi kikichomoka kitarudishwa kwa sindano ya kroshia. Ndiyo sababu katika kazi ngumu napitisha uzi wa usalama, yaani uzi mwembamba wa rangi tofauti unaopita ndani ya vitanzi vyote vya mstari ambao nina hakika ni sahihi. Hata sindano yote ikichomoka, kazi itafumuka hadi pale ilipo ile rangi na kusimama. Kuutia uzi huo huchukua dakika chache, na tangu nianze kuutumia nimeona ninawaitikia watoto kwa sauti ya upole zaidi, kwa sababu sina hofu ya kupoteza kazi ya wiki nzima.

NEEMA: Ninachotaka kuelewa ni kwa nini kazi hizi hazinitoki akilini hata zikiwa ndani ya kabati. Nikiwa ninafua, nawaza soksi. Nikilala, naona ule mkono wa sweta.

RUKIA: Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hilo kwa muda mrefu. Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik, aliyekuwa mwanafunzi wa Kurt Lewin mjini Berlin, alichapisha utafiti ambao ndani yake watu walipewa kazi ndogondogo, nyingine wakaachiwa wazimalize na nyingine wakakatizwa katikati. Baadaye walizikumbuka zaidi zile zilizokatizwa. Mwaka uliofuata mwenzake, Maria Ovsiankina, akaonyesha kwamba watu wanaokatizwa huelekea kuirudia kazi wenyewe pindi wanapopata nafasi, bila kuambiwa na yeyote. Ni kweli kwamba majaribio ya kumbukumbu yaliporudiwa na wengine hayakutoa matokeo yale yale kila mara, kwa hiyo nisingependa tuyachukulie kama sheria. Utafiti ulionigusa zaidi ni wa mwaka 2011, wa E. J. Masicampo na Roy Baumeister. Hao waliona kwamba lengo lisilotimizwa huendelea kuingilia fikra za mtu anapofanya mambo mengine, lakini mtu akishaweka mpango mahususi wa namna atakavyolitimiza, usumbufu huo hupungua, ingawa lengo lenyewe bado halijatimizwa.

NEEMA: Yaani akili haidai kwamba soksi iishe leo.

RUKIA: Inataka kujua itaendelea vipi. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu katika kikapu chako sikuona hata karatasi moja. Kila kazi yangu ina kadi iliyofungwa kwa uzi, na juu yake nimeandika sindano ya milimita ngapi, vitanzi vingapi, nimefika mstari wa ngapi, na hatua inayofuata ni ipi. Hiyo hatua inayofuata ndiyo yenye thamani kuliko mengine yote. Hebu nionyeshe hiyo shali. Iko kwenye sindano gani?

NEEMA: Haiko kwenye sindano. Niliihitaji sindano kwa ajili ya kofia, nikavihamishia vitanzi vya shali kwenye kamba. Nadhani ilikuwa ya milimita 4, au labda ya 4.5.

RUKIA: Basi itakubidi ufume kipande kidogo kwa kila moja na kukilinganisha na shali, jambo ambalo kadi ingekuepushia. Tofauti ndogo ya sindano si ndogo mwilini. Chukua sweta lenye vitanzi 220 kuzunguka kifua. Ikiwa sentimita 10 zinabeba vitanzi 22, utapata mzunguko wa sentimita 100. Ukirudi baada ya miezi na kufuma kwa ulegevu zaidi, vitanzi 20 vikijaza sentimita zile zile 10, vitanzi vyako 220 vitatoa sentimita 110, na hapo hujakosea hesabu hata mara moja. Hata kwa sindano ile ile, mkazo wa vidole hubadilika; mtu aliyechoka hafumi kama mtu aliyepumzika. Ndiyo maana soksi zote mbili, au mikono yote miwili ya sweta, inafaa ifumwe kwa wakati mmoja, kila mmoja na donge lake la uzi kwenye sindano moja ndefu ya mviringo. Zikilala zitalala zote mbili, na zikiamka zitakuwa sawa.

NEEMA: Kwa sweta hili nimechelewa, maana mkono wa kwanza ulikamilika mwaka jana.

RUKIA: Basi pima kwanza mkazo wa ule mkono uliokamilika. Halafu mpime mtoto mwenyewe, kwa sababu yeye hakukusubiri. Mtoto mchanga hurefuka takriban sentimita 25 katika mwaka wake wa kwanza, na baada ya umri wa miaka miwili watoto wengi huongezeka sentimita 5 hadi 7 kwa mwaka mpaka wanapokaribia kubalehe. Mama anayefuma kwa dakika zilizobaki hana budi kumfumia mtoto atakayekuwepo kazi itakapoisha, wala asimfumie huyu wa leo. Kwa watoto mimi huanza shingoni na kushuka chini, kwa sababu ufumaji wa namna hiyo huniruhusu kufumua ukingo wa chini, kuvishika vitanzi, na kurefusha kiwiliwili na mikono msimu unaofuata.

NEEMA: Umetaja kufumua. Kuna kazi humu ambazo pengine zinastahili hatima hiyo, lakini moyo unasita.

RUKIA: Moyo wangu husita pia. Kipimo changu ni kimoja: najiuliza kama leo, nikiwa na uzi huu mkononi, ningeianzisha kazi hii. Kama jibu ni hapana, naifumua. Uzi wa sufu hautupwi. Unauzungusha kuwa kitita kilegevu cha uzi, unakifunga sehemu nne, unakiloweka katika maji ya uvuguvugu, unakitundika kikauke, na yale mawimbi ya vitanzi vya zamani hutoka karibu yote. Hii kofia isiyo na mwenyewe ningeifumua usiku huu. Na hata usipoifumua, usiache sufu ikae mwaka mzima gizani bila kuguswa, kwa maana nondo hutaga mayai mahali kama hapo na viwavi wake hula sufu yenyewe. Kuzitoa kazi, kuzikung'uta na kuzianika mara kwa mara kunazilinda, na pia kunakukumbusha ulichonacho.

NEEMA: Dada, tulipokuwa tukijiandaa uliniambia kwamba una jambo kuhusu mama.

RUKIA: Ndiyo. Marehemu mama aliacha sweta la kijivu la vifungo. Mgongo ulikuwa umekamilika, na upande mmoja wa mbele ulikuwa bado kwenye sindano. Hakuna alipoandika chochote, kwa sababu mpangilio wote ulikuwa kichwani mwake na hakutazamia kuondoka. Nilikaa nalo jioni nyingi nikihesabu tu. Nilihesabu alipoanza kupunguza vitanzi vya kwapa, mara ngapi, na kila baada ya mistari mingapi. Niligundua kwamba vidole vyake vilikaza kuliko vyangu: yeye alipata vitanzi 24 katika sentimita 10, mimi napata 22. Nikashuka kutoka sindano ya milimita 4 hadi ya 3.5 ili nimfikie. Nililimaliza, na ninalivaa, lakini najua ni mstari gani alioishia yeye na nikaanzia mimi. Mtu mwingine hawezi kuuona. Mimi nauona kila ninapofunga vifungo.

NEEMA: Hukuwahi kuniambia kwamba ulihesabu peke yako.

RUKIA: Wakati ule nilitaka iwe hivyo. Lakini si kila familia ina mtu wa kufanya hivyo. Mwaka 2022 nchini Marekani lilianzishwa shirika liitwalo Loose Ends, ambalo huzikutanisha familia zilizoachiwa kazi za mikono zisizokamilika na mafundi wa kujitolea wanaozimalizia bila malipo. Nilipolisoma hilo nilifikiria fundi asiyemjua kabisa marehemu, akipokea kifurushi chenye vitanzi visivyo na maelezo, na kulazimika kuhesabu kama nilivyohesabu mimi. Tangu hapo naandika kadi zangu kwa sentensi kamili, zinazoweza kusomwa na mtu ambaye si mimi. Mara nyingi msomaji anakuwa ni mimi mwenyewe baada ya miezi minne ya homa za watoto na mitihani ya shule, nami huwa nimeshasahau kila kitu.

NEEMA: Nina karatasi hapa. Naomba niandike moja sasa, na unisahihishe. "Sweta la bluu la mtoto. Limebaki mkono wa kushoto. Sindano ya milimita 4."

RUKIA: Pima kwanza kabla hujaandika milimita.

NEEMA: Nimelinganisha na mkono wa kulia, ni vitanzi 22 katika sentimita 10, kwa hiyo ni ya 4. "Anza na vitanzi 36. Fuma ukingo mistari 12. Kisha ongeza kitanzi kimoja kila upande baada ya kila mistari 6, mpaka vifike 52." Nimevihesabu kwenye ule uliokamilika.

RUKIA: Na hatua inayofuata?

NEEMA: "Hatua inayofuata: kuanzisha vitanzi 36, kesho, watoto wakishalala."

RUKIA: Sasa andika ni la nani.

NEEMA: Nilipokuwa nikihesabu nimeupima mkono wa kulia kwa rula. Una sentimita 27, na mwanangu mkubwa ameshaupita. Nimeandika jina la mdogo wake.