Nani alizipa kromosomu majina? Mhadhara wa jioni, Mtwara mjini

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Vijana wa mabenchi ya nyuma, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya kamati ya majina ya kromosomu, vile vinyuzi vya ndani ya seli vinavyobeba urithi wetu. Neno lenyewe linaleta usingizi, najua, tena saa kumi jioni na joto hili la kabla ya mvua. Lakini kamati hii ilichaguliwa kwa ajili ya tatizo ambalo huku kwetu si geni: mtu mmoja, majina mawili.

Zamani nilikuwa maabara katika hospitali moja, sitaitaja. Akaletwa kijana wa sikoseli kutoka Newala, anatakiwa kuongezewa damu. Kadi aliyoishika mama yake ilikuwa na jina la utotoni. Faili letu lilikuwa na jina alilotoka nalo jandoni. Tulipekua rafu karibu saa mbili. Mama yuko kwenye benchi, kanga amejifunga kiunoni, anarudia jina lile lile, na mimi namjibu, "Huyu hatunaye, mama." Kumbe tunaye, faili nimelipita mara tatu kwa mkono wangu.

Wataalamu wa jenetiki, yaani elimu ya urithi, nao waliwahi kupekua rafu hivyo hivyo. Tangu miaka ya 1920 vitabu vilisema seli ya binadamu ina kromosomu 48. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio, mzaliwa wa Java, pamoja na Albert Levan, wakiwa Lund kule Sweden, wakatangaza kuwa ni 46. Basi kila maabara ikaanza kuzipanga na kuzipa alama inavyojua yenyewe. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake Ufaransa wakaonyesha kwamba watoto wenye hali ya Down wana kromosomu moja ndogo ya ziada. Sawa, lakini ndogo ipi? Ya kwako ni ya ngapi kwangu?

Mwaka 1960 wakakutana Denver, Marekani. Walioalikwa walikuwa wachache tu, wale waliokwisha kuchapisha picha za kromosomu za binadamu. Wakazipanga kwa urefu, kubwa kuliko zote ikawa 1, wakashuka hadi 22, na X na Y, zile za jinsia, zikabaki na herufi zake. Wakakutana tena London 1963, kisha Chicago 1966, ambako mkono mfupi wa kromosomu uliitwa p na mrefu q. Hiyo p inatokana na neno la Kifaransa lenye maana ya "ndogo". Na q? Ndiyo herufi inayofuata, basi. Mimi niliihangaikia hiyo q muhula mzima nikidhani ina siri. (Kicheko.)

Sasa sikilizeni hapa. Zilipopatikana rangi za kuonyesha mistari ya kila kromosomu, ikaonekana kwamba ile ya Down ndiyo fupi kuliko zote. Kwa kanuni yao wenyewe ilipaswa kuwa 22, na wao walishaiita 21. Walipokutana Paris mwaka 1971 wangeweza kubadilisha. Wakaiacha. Wapo wanaoona huo ni uzembe. Mimi niliyetafuta lile faili nasema walifanya jambo la busara. Miaka zaidi ya kumi madaktari walikuwa wameandika 21. Ukiligeuza jina leo, kesho kuna mtu anasoma andiko la zamani na kumpa mtoto ugonjwa usio wake.

Lakini mpaka hapo bado ni mambo ya kualikana. Ninyi mnaijua kangomba, ule ununuzi wa korosho wa mitaani usiotumia mizani. Chombo ni cha mnunuzi, kipimo ni cha mnunuzi, mkulima anamimina korosho zake na kunyamaza. Pale ghalani kwenye chama cha msingi mizani inaweza kuwa na kasoro zake, naam, lakini mnasimama wote mnaiangalia. Denver, kwa heshima zote, waliingia wenye chombo.

Mwaka 1976, kwenye kongamano la kimataifa la jenetiki ya binadamu lililofanyika Mexico City, wataalamu wa kromosomu waliokuwapo wakapiga kura na kuchagua kamati ya kudumu ya majina. Kamati ikakaa Stockholm mwaka 1977, na mwaka 1978 ikatoka na kitabu kimoja cha kanuni badala ya maazimio ya mikutano minne. Kitabu hicho kimeendelea kufanyiwa marekebisho hadi leo.

Tazameni ubaoni: 47,XX,+21. Wewe binti mwenye kitenge cha njano, hebu isome. Kromosomu arobaini na saba, wa kike, ishirini na moja imezidi. Vizuri sana! Hujawahi kumwona mtoto huyo, wala hujui alizaliwa wapi.

Kwenye jeni, vile vipande vya kromosomu vyenye maelekezo ya mwili, kuna kanuni nyingine na kamati nyingine, na huko hawakuwa wavumilivu kama wale wa Paris. Sikoseli inatokana na kosa dogo katika protini moja ya damu. Vitabu vya zamani vinasema kosa liko nafasi ya 6 kwenye mnyororo wa protini hiyo. Kanuni za sasa zinasema ya 7, kwa sababu zinahesabu pia kile kipande cha kwanza ambacho mwili hukikata. Damu ni ile ile, kosa ni lile lile. Manesi mlioko hapa, mkikuta karatasi mbili za mgonjwa mmoja, moja ina 6 na nyingine 7, msimwambie mama yake kwamba majibu yamekosewa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali basi, tuanze na yule mzee wa pale dirishani, maana tangu nitaje kangomba mkono wake haujashuka.